Miaka Mitano ya Mama Kalunde

Neno lenyewe nililisema nacheka. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu huu juu ya huu, kofia nimeishika mkononi, nacheka. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na hasira na mtu. Ningekuwa na hasira ingekuwa afadhali, maana mwenye hasira baadaye anapata cha kujitetea.

Aliyekuwa ananiuliza maswali anaitwa Kondo, fundi wa mashine pale hospitali ya mionzi Tabora. Mtu wa makamo, kipara, tumbo limetangulia. Na ni Mzaramo. Mimi Mnyamwezi wa Sikonge, mkulima wa tumbaku. Sasa nyie wenyewe mnajua, Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana hapo hakuna cha shikamoo wala nini, ni watani hao, wanachambana mpaka mgonjwa anasahau maumivu. Siku ya kwanza aliponiona getini tu alinambia, "Haya, mpagazi, tua mzigo, pwani umefika." Nikajua hapa nimepata mtu.

Mama Kalunde, mke wangu, alikuwa amekaa pembeni yangu, khanga ameibana shavuni. Kansa ilimwanzia chini ya ulimi, pale pale alipokuwa anaweka ugoro. Miaka arobaini anaweka ugoro pale. Na tumbaku yenyewe ya kwangu, nimeikausha mimi kwenye mabani yangu, vile vibanda vya moto, nimemletea mimi, jani zuri kuliko ninalowauzia watu. Nilikuwa naona nampenda. Meno ya upande ule walikuwa wameshamng'oa, kwa sababu mionzi ikipita kwenye taya jino likaja kuoza baadaye, likang'olewa, mfupa haufungi tena. Hayo nilielezwa taratibu, nikayaelewa.

Mezani palikuwa na kidude kidogo kama kiberiti, kina taa. Ndicho kinachosikiliza na kuandika.

"Swali la ishirini na sita," Kondo akasema. "Mgonjwa akishachomwa mionzi, kumpikia uji, kumlisha, kumsafisha kinywa mara sita kwa siku, nani atafanya?"

"Mimi niingie jikoni?" nikamwambia. "We Mzaramo una wazimu? Huyu akishindwa kula namrudisha kwao, mimi naoa. Naoa dada yako."

"Dada yangu hataki mtu ananuka moshi wa mabani."

"Atazoea. Babu zenu walitupokea tunanuka jasho la Ujiji mpaka Bagamoyo, mkatandika mikeka."

"Tuliwatandikia barazani, ndani hamkuingia!"

Tukacheka. Mama Kalunde naye akacheka, mkono mdomoni, mpaka khanga ikapata damu. Halafu akaja mtu mlangoni, mashine namba mbili imegoma, Kondo akatoka mbio. Ile taa ya kiberiti ikawa ya kijani. Mimi nikadhani kijani ndiyo uzima.

*

Niwaambie sasa kile walichokuwa wanakitengeneza, maana ndipo shida ilipo.

Zamani, kabla ya haya mambo, mtu alikuwa na kansa ya koo au ya kinywa, anachomwa, anapona au haponi. Lakini wako waliopona wakaja kuwauliza madaktari, mliniponya ili iweje? Kinywa hakina mate, chakula hakina ladha, kumeza ni vita, sauti imekwenda, wengine wanakula kwa mrija tumboni. Wengine hao hao wanashukuru Mungu kila asubuhi. Huwezi kujua nani atashukuru na nani atalaani. Na mashine chache, watu foleni.

Basi wakabuni Mtangulizi. Wanamlaza mgonjwa kwenye duara kubwa, wanamchukua mzima mzima, nyama kwa nyama, kumbukumbu kwa kumbukumbu, wanamtia kwenye mtambo. Anazaliwa mwingine humo ndani, ni yeye yule yule. Huyo ndiye anayechomwa kwanza. Anaishi humo miaka mitano, kwetu sisi huku ni siku kumi na moja. Hajui kama yuko ndani ya mtambo. Anajua anaishi. Mwishoni anaona amekuja kliniki, daktari anamuuliza swali moja tu: ungerudi siku ya kwanza, ungekubali tena?

Akisema ndiyo, huyu wa huku anatibiwa. Akisema hapana, anapewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani, nafasi anapewa mwingine. Ndiyo sheria. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza nikaona ni sheria ya haki kabisa. Nani anajua zaidi ya aliyekwishapita?

Siku ya kumi na moja, Ijumaa asubuhi, daktari akaniita peke yangu. Daktari Nakiete, mama mmoja wa Kipare, mpole, anaongea kama anahesabu maneno. Kondo alikuwa amesimama nyuma yake, hanitazami.

"Mzee, uvimbe wa Mtangulizi uliisha mwezi wa nne," daktari akasema. "Mwaka wa tano haujarudi."

Mimi nikainuka kwenye kiti. "Amepona?"

"Kwenye mtambo, ndiyo, amepona. Lakini kila mwaka tunampima moyo wake, kama ana furaha ya kuishi. Kwa vipimo hivi, mchana akiulizwa atasema hapana."

"Kwa sababu ya maumivu?"

Daktari akamtazama Kondo. Kondo akanigeuzia kioo cha mezani, akaweka kidole kwenye mstari. Mimi kusoma kwangu ni kwa darasa la nne, lakini ule mstari niliusoma wote bila kusaidiwa. *Mlezi: hayupo. Mume: amemrudisha kwao, ameoa.*

"Kondo," nikasema.

"Mzee wangu." Hakuniita mpagazi. "Ilitakiwa niyasome majibu kabla ya kuyaruhusu. Niliitwa kwenye mashine. Niliporudi nilikuta kijani, nikapitisha."

"Si ulikuwa unacheka! Ulijua ni utani!"

"Nilijua mimi. Mtambo haujui watani. Uliambiwa unaoa, ukamjengea dunia ambayo umeoa."

Nikawaambia basi futeni, mmwanzishe mwingine, mimi sijaoa, nioe nina miaka sabini na minne? Daktari akatikisa kichwa. Akasema kwanza ni siku kumi na moja nyingine, na koo la Mama Kalunde limeshabaki tundu kama la mrija, mionzi ianze Jumatatu au isianze. Pili, sheria inaruhusu Mtangulizi mmoja kwa kila mgonjwa. Walikuwepo ndugu waliokuwa wanafuta na kuanzisha, wanafuta na kuanzisha, mpaka wapate jibu wanalolitaka.

"Na kila mmoja wa wale, mzee, alikuwa ameteseka miaka mitano," akasema. "Siyo picha. Anaumwa kweli."

Hapo nikakaa.

"Sheria inaruhusu ndugu mmoja kuonana naye kabla ya swali," akaendelea. "Robo saa. Ukimwambia kwamba yeye ni Mtangulizi, au kwamba jibu lake lina kazi, linabatilika, inahesabika hapana. Ukitaka, nenda."

*

Chumba kidogo, kina kiti kimoja na kioo ukutani. Kondo alibaki kwenye kijidirisha cha pembeni, akanitia kidude sikioni. Akanambia huko ndani mtambo utanizeesha kidogo ili nifanane na miaka ile.

Kioo kikawaka.

We acha tu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, gauni lake la maua, limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Taya la kushoto limeingia ndani. Shingo ngumu, nyeusi, kama ngozi ya ngoma iliyokaa karibu na moto. Mkononi ana chupa ya maji. Kabla ya kila neno anapiga funda, kwa sababu mate hana.

"Umekuja," akasema. Sauti kama mtu anakwangua sufuria.

"Nimekuja, Mama Kalunde."

"Umezeeka, masikio yameota nywele." Akapiga funda. "Mke wako hajambo?"

Jamani. Ningemjibu nini? Mke wangu alikuwa wodi namba tatu, ananisubiri.

"Mbona kimya? Mimi sina ugomvi naye, mtoto wa watu. Nasikia anajua kupika."

"Unaendeleaje?" nikauliza. Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu.

"Naendelea. Wanasema kansa imekwisha, basi imekwisha. Mfupa wa taya huu ulikufa mwaka wa tatu, wakakata kipande. Sukari na chumvi ni mamoja, vyote vumbi. Muhogo sijatia mdomoni tangu mwaka ule." Funda. "Lakini hayo mtu anazoea, Baba Kalunde. Watu wanazoea hata jela. Kisichozoeleka ni kula peke yako. Kalunde anakuja Jumapili, ana watoto wake. Siku nyingine zote napika uji wangu, nakaa na kikombe saa nzima, hauteremki. Na hakuna mtu wa kuniambia meza."

Nikasogea kwenye kioo. "Mama Kalunde, mambo ya kuoa, yale yalikuwa ni…"

"Mzee!" Kondo sikioni. "Usiseme. Ukisema umemuua."

Nikafunga mdomo. Fikirieni, ukweli ninao mdomoni, mzima mzima, ninao ulimi na mate na meno ya kuusemea, na siwezi kuutoa. Utani tu ule! Nilikuwa nimeingia mle na utetezi wangu mmoja huo.

Yeye akanitazama. "Unafikiri uliniacha siku ile ya kunirudisha kwetu na sanduku?" akasema. "Siku ile ulikuwa umeshaondoka zamani. Wewe uliondoka kabla hata ya mionzi. Ulipohamia sebuleni."

Hili sikuwaambia. Nilidhani halihusu.

Miezi miwili kabla ya kuja hospitali nilikuwa nimeanza kulala sebuleni, kwenye mkeka. Nilimwambia ni ili apumzike, mimi nakoroma. Akasema asante. Hakuna fomu iliyoniuliza habari hizo na mimi sikumwambia mtu. Lakini yeye alikuwa anajua, na walipomchukua kumbukumbu zake walilichukua na hilo. Kwa hiyo mtambo haukusikiliza mdomo wangu peke yake. Ulichukua utani wangu, ukachukua na mkeka wangu, ukaviweka pamoja, ukaona vinafanana. Mpaka leo najiuliza kama ulikosea, au uliniona.

"Nilisema ili upumzike," nikasema.

"Ulisema. Na mimi nikashukuru. Tulidanganyana vizuri."

"Ilikuwa harufu," nikasema. "Kidonda kilikuwa kinanuka, Mama Kalunde. Nikashindwa."

"Najua kilikuwa kinanuka. Kilikuwa mdomoni mwangu. Mimi ningekikimbia niende wapi?"

Nilipiga magoti. Magoti yangu haya mnayajua, yakishuka kupanda ni kazi. Nikaweka kiganja kwenye kile kioo, cha baridi, na kwa mara ya kwanza tangu niingie mle nikasema kitu ambacho hakikuwa na uongo hata punje, wala sheria haikunikataza. "Nisamehe kwa kulala sebuleni. Nilikuona unageuza uso ukutani ili pumzi isinifikie, nikachukua mkeka. Nilijua ninachofanya. Nisamehe."

Akafungua chupa, akakuta imekwisha, akaifunga.

"Unaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Siondoki."

"Si una kwako?"

"Siondoki, nimekwambia. Nakaa hapa."

Nilipolisema hilo nilikuwa najua vizuri kwamba baada ya swali wanamzima. Mapema nilimuuliza Kondo, mkimaliza naye mnampeleka wapi, akanambia hatumpeleki popote, mzee, tunazima. Nilijua, na bado nikamwahidi. Yule mwanamke ameteseka miaka mitano kwa ajili ya mwenzake asiyemjua, amekula uji wa peke yake, na malipo yake ni ahadi ya mtu anayejua kitufe kiko wapi. Lakini nilikuwa na mwingine wodi namba tatu, koo linaziba. Niambieni nyie mngefanyaje.

*

Daktari Nakiete aliingia upande wa pili wa kioo, au sura yake iliingia, sijui. Akamshika bega.

"Mama, swali la kliniki. Ungerudi siku ile ya kwanza, kabla hatujakuvisha kile kinyago cha plastiki na kukufunga mezani, ungekubali tena?"

Mama Kalunde akaangalia chini. Mimi niko magotini bado. Nikawa nasikia mtambo unavuma kama nyuki waliofungiwa.

"Jana ungeniuliza," akasema, "ningekwambia hapana kabla hujamaliza kuuliza."

"Na leo?"

"Leo huyu mzee amesema kitu nilichokingoja miaka mitano. Amechelewa, mjinga huyu." Akameza, hakuna mate, nikaona shingo inavyohangaika. "Andika ndiyo. Lakini andika ni ndiyo ndogo."

"Fomu haina ndiyo ndogo, mama."

"Basi andika hiyo unayoijua wewe."

Taa ikawa ya kijani. Kijani ile ile. Kondo akafungua mlango, jasho kipara kizima, ananiinua kwa kwapa. "Imepita, mzee! Jumatatu anaanza. Twende."

"Nimemwambia nakaa."

"Mzee, muda umekwisha. Akizimwa hajui kitu."

"Mimi najua."

Akanitazama, akamtazama yule kwenye kioo, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, macho yanamlemea, maana safari ya kliniki humo ndani inaonekana ni ndefu. Kondo akavuta ndoo ya usafi, akaigeuza, akaikalia.

"Dakika kumi, mpagazi," akasema. Hakucheka.

Nikakaa. Nikaanza kumsimulia yule mwanamke habari za mwaka ule bani lilipoungua tukaokoa majani kwa kuyavingirisha ndani ya khanga zake za harusi. Alikuwa anazijua, ndiye aliyezitoa. Akatabasamu na upande mmoja uliobaki. Kichwa kikashuka kidogo kidogo. Alipolala kabisa Kondo akanyoosha mkono ukutani, na kwenye kioo nikabaki mimi tu, na masikio yangu ya kawaida.

*

Wodini, mke wangu alikuwa amekaa kitandani, macho mlangoni. Kuongea kulikuwa kunamuuma, lakini aliongea.

"Kasemaje huyo mwenzangu?"

"Kasema ndiyo."

"Mbona unalia?"

Nikavuta kiti, nikamwambia yote. Nilivyosema naoa, na lile jibu lilivyoingia mtamboni, na yule mwingine, na uji wa peke yake. Na sebuleni nikamwambia, na harufu nikaitaja kwa jina lake. Nilifikiri atageuka ukutani. Aliniangalia tu, muda, kama anayepima jani la tumbaku kama limekauka.

"Yule kakusamehe," akasema. "Mimi sijasema kitu."

Akalala. Na mimi usiku ule nililala chini pale pale, kichwa kwenye mguu wa kitanda chake. Kidonda kilikuwa kinanuka. Kinanuka sana, nisiwadanganye.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwenye jiko la ndugu, kule nyuma ambako wanawake wanapikia wagonjwa wao. Nimefika mlangoni, sufuria mkononi, wote wakageuka.

"Babu, umepotea, choo kile pale," mmoja akasema.

"Nataka kupika uji."

Walicheka hao! "Moto wenyewe unaujua, babu?" Nikawaambia nimekausha tumbaku miaka hamsini, moto naujua kuliko wote. Kumbe moto wa bani na moto wa uji ni vitu viwili. Tumbaku unaipa moto unakwenda zako. Uji ukigeuza shingo tu umeshika chini. Nikakoroga, nikachuja mara mbili kwa kitambaa, ukatoka una rangi ya maji ya mtaroni.

Nikampelekea kwenye kikombe. Nikaketi kitandani, siyo kwenye kiti. Nikamwinua kichwa, nikaweka kijiko mdomoni kwake. Akaushikilia kidogo. Uso ukajikunja.

"Umeungua," akasema.

"Umeungua?"

"Na chumvi umetia mara mbili."

Nikataka kukiondoa kikombe. Akanishika mkono, vidole vina nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Acha," akasema. "Niunywe wakati chumvi bado naijua."

Nikachota kijiko cha pili. Ukakaa mdomoni, haushuki, macho yake yananitazama yanajaa maji.

"Meza," nikamwambia. "Meza, Mama Kalunde."

Akameza.